Nilipombeba Mama Mkwe, Mikono Ikaanza Kutetemeka

Ukipita Nalufenya hapa Jinja ukaona geti lenye korongo wawili wa chuma wanaotazamana, jua hiyo ni kazi yangu. Nyumba nyingi za wakubwa wa mji huu zinafungwa na kufunguliwa kwa mikono yangu, hata kule Kimaka kwa maafande, na sijasikia bawaba yangu hata moja imelegea. Shule niliacha kabla sijajua kugawanya vizuri. Nilifagia karakana ya mzee mmoja Kalasinga, nikawa namtazama akichomelea, mpaka siku mgongo ulipomshika akanipa kofia yake ya kazi akasema, "Haya, wewe unayetazama kila siku, fanya." Nikafanya. Leo nina karakana yangu, nina pikapu, nina nyumba ambayo hata walimu walionichapa wanaiulizia. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa ningejisifu nisingekosea. Nasema ili ujue hii mikono ilikuwa mikono ya namna gani kabla haijaanza kutetemeka.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachonitosha. Nilikipata kwa madereva wa Kenya walioniletea trela zao nizichomelee. Wasoga wenzangu wananicheka, wanasema ni lugha ya wanajeshi. Lakini mke wangu Nambozo ni Mgisu wa Mbale, na tangu tuoane tumegombana na kupatana kwa Kiswahili. Kwa hiyo hata maneno haya, ambayo mengi ni ya kwangu na yeye, siwezi kuyasema kwa lugha nyingine.

Na kama wewe unatetemeka, na watu wameanza kukutazama kwa namna ile, nimekuandikia wewe.

Lazima kwanza nieleze habari ya ukwe. Kwetu Wasoga, na kwao Wagisu pia, mwanamume na mama wa mke wake hawagusani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni. Nikikutana na mama mkwe njiani, yeye anaingia kwenye mibuni mpaka nipite, na mimi natazama chini. Hiyo ndiyo heshima yake kwangu na yangu kwake. Tunaiita obuko. Na neno hilohilo ni jina la ugonjwa: aliyemgusa mama mkwe, mikono yake itatetemeka. Mtoto mdogo anajua hivyo. Mimi pia nilijua hivyo.

Mwaka mmoja, wakati wa mvua kubwa, nilipanda milimani juu ya Mbale kumpelekea mama mkwe dirisha la chuma la jiko lake jipya. Nambozo alibaki Jinja. Ndugu zake walikuwa wameteremka kuuza kahawa. Gari haliwezi kufika pale juu, nikawa napanda kwa miguu na dirisha kichwani, udongo unateleza kama sabuni, nikamkuta mama mkwe amelala chini ya njia ya kisimani. Mguu wake ulikuwa umegeuka upande usio wake. Aliponiona alivuta kitambaa akafunika uso.

Niliita watu. Hakuna aliyeitika, mvua ilikuwa inapiga mabati ya kijiji kizima. Watu wa kanisani hupenda kuniuliza kama nilisikia sauti ya Mungu pale. Sikusikia. Niliona mwanamke mzee anatetemeka kwa baridi, na maji yanaongezeka. Nikaweka dirisha chini, nikainama, nikampandisha mgongoni. Nilimbeba hivyo mpaka kwenye pikapu. Alilia tu shingoni mwangu, na mpaka leo sijui kama ni kwa maumivu au kwa aibu.

Alifungwa plasta, akapona, anatembea na fimbo. Na mimi nilisimama kanisani nikashuhudia. Nilishuhudia vizuri, watu walipiga makofi.

Kiangazi kilipokuja, suruali zikaanza kunivuka. Nilikuwa nakula kama watu watatu, na bado nakonda. Joto lilikuwa limeingia ndani yangu likakataa kutoka, nilivaa fulana tu wakati wenzangu wamevaa koti. Moyo ulikuwa unakimbia nikiwa nimekaa. Nikipanda ngazi za nyumba yangu mwenyewe, mapaja yanakataa, nakaa katikati kama mgeni aliyechoka. Macho yakanitoka. Nambozo akaniambia, "Baba Petero, mbona unatazama watu kama unawadai?" Sikuwa nadai mtu. Macho ndiyo yalikuwa hayafungiki vizuri.

Halafu mikono. Mwanzo ilikuwa kidogo, kama gari lililosimama injini inawaka. Kwa kuchomelea, kidogo hicho kinatosha kukumaliza. Moto unaruka pembeni, unachoma mahali pasipo pake. Nikawaambia vijana wa karakana kwamba umeme ni mbaya. Wao walikuwa wanatumia umeme huohuo.

Kanisa zima lilijua siku ya Meza ya Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa, kazi yangu ni kupitisha sinia la vikombe vidogo vya vioo. Unajua jinsi kanisa linavyonyamaza wakati ule. Katika kimya kile vikombe vikaanza kulia, tiki-tiki-tiki, kutoka benchi la mbele mpaka la nyuma. Kila nilipofika watu waliinua macho, wakatazama mikono yangu, wakatazamana. Walikuwa wanakumbuka ushuhuda wangu. Nilikuwa nimewapa mwenyewe, kwa sauti kubwa, na makofi juu yake.

Tangu Jumapili ile watu walinisalimia kwa kupunga mkono.

Mchungaji wangu ni mtu mwema, sitaki umfikirie vibaya. Alikuja nyumbani akaniombea. Lakini zamani alikuwa ananishika kichwa kwa mikono yote miwili, na siku hiyo aliiweka juu ya kichwa bila kugusa, kama mtu anayeota moto. Aliniambia nipumzike kupitisha sinia. Mzee mwenzangu mmoja wa kanisa alinivuta nje, akanong'ona, "Bwana, wewe peleka kuku wa tambiko ukweni ikaishe. Mungu anajua moyo wako." Nikamuuliza, "Na wewe ungepeleka?" Akasema, "Mimi singembeba."

Nilipata kazi ya geti la ghala kule Mbale, eneo la viwanda. Niliifuata mwenyewe kwa sababu nilitaka kukaa mahali wasipojua mikono yangu. Siku ya kupima nguzo, moyo ulikimbia, ukakosea hatua, nikaanguka. Wafanyakazi wa pale walinipakia kwenye bodaboda, mmoja nyuma yangu ananishikilia, mpaka hospitali.

Benchi la kungojea daktari ni shule. Nimekaa kwenye lile benchi mpaka najua ni msumari gani unachana suruali. Siku ya kwanza alikaa karibu nami dereva mmoja wa trela kutoka Bungoma, mwenye sukari. Nilikuwa nimenunua chai, na chai yote ilikuwa inamwagika kwenye goti langu.

"Mzee," akasema, "hiyo mkono inacheza lingala."

Nikamwambia aangalie mambo yake.

"Mambo yangu ni mguu haisikii kitu. Lete kikombe." Akakichukua, akanishikia mdomoni kama mtoto, nikanywa. Ndiye mtu wa kwanza kunikaribia hivyo tangu ile siku ya sinia. Sikumwambia habari ya ukwe. Niliona nikimwambia ataweka kikombe chini.

Daktari alinishika shingo, akaniambia nimeze mate, akatazama macho, akaniambia ninyoshe vidole akaweka karatasi juu yake. Karatasi ikacheza. Akatuma damu yangu ikapimwe. Majibu yaliporudi alisema ni tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi, na kuna vidonge. Mengine alieleza kwa Kiingereza na mimi sikuyashika. Nilimuuliza moja tu: je, mtu anaweza kuupata kwa kumgusa mama mkwe? Hakucheka, nampa heshima kwa hilo. Alisema, "Mzee, hata mapadri wanaupata."

Nikarudi Jinja na vidonge na furaha. Nilimwambia Nambozo maneno ya daktari, nikafikiri yamekwisha. Alikunja bahasha ya dawa, akaiweka kabatini, akasema, "Sawa. Na kuku?"

Kaka zake walikuwa wamekwisha kaa kikao. Mkubwa wao, Mafabi, alikuja mwenyewe mpaka Jinja. Alitaka niende na kuku mweupe, nisimame mbele ya wazee wa ukoo, nitamke kwamba nimekosa kwa kumshika mama, na mzee wao aite waliokufa watusamehe. Bila hivyo, alisema, hata watoto watatetemeka.

Nilimwambia Mafabi mambo ambayo mengine sitayaandika. Nilimwuliza alikuwa wapi siku mama yake amelala kwenye tope. Nilimwambia nyumba ya mama yake ina madirisha yangu, na yeye hana hata bawaba. Aliinuka akaenda bila kunywa maji, na Nambozo akatoka nyuma yake kumsindikiza. Aliporudi alianza kukunja nguo.

"Naenda kumwangalia mama," alisema.

"Mama amepona."

"Naenda kumwangalia."

"Mama Petero, unataka nimkane Kristo kwa ajili ya kuku?"

Aliweka nguo chini. Alinitazama, na hakuwa amekasirika, ndiyo sababu ninakumbuka. "Wewe hukatai kwa ajili ya Yesu," alisema. "Ungekataa hata kama ungekuwa mpagani. Hutaki tu kunyenyekea mbele ya ndugu zangu."

Akaenda. Petero na mdogo wake walikuwa shule ya bweni. Nikabaki na nyumba.

Nataka nikueleze nyumba ile ilivyokuwa, kwa sababu hakuna daktari atakayekuambia. Nilishindwa vifungo vya shati, nikawa navaa fulana hata kwa wateja. Nilishindwa kunyoa, nikafuga ndevu. Supu niliacha kabisa, nikala vitu vya kushika: muhogo, ndizi, mkate. Nilikuwa nawasha redio nisikie mtu akisema jambo lisilonihusu. Jirani waliniletea chakula, wakikiacha mlangoni kwa adabu, na sahani zao hawakuzifuata tena. Zikajaa jikoni. Yule dereva wa Bungoma alikuwa ananipigia akiwa njiani, anauliza, "Mzee wa lingala, bado unacheza?" Nilikuwa naingoja ile simu kuliko nilivyongoja vidonge.

Vidonge vilifanya kazi yake. Kwanza moyo ulitulia, halafu joto, halafu mikono ikapunguza. Mvua ziliporudi niliweza kushika kikombe. Hapo ndipo nikataka kuacha dawa, kwa sababu mtu aliyezoea kushinda hapendi kumeza ushindi wa kidonge. Nikamwambia sista wa kliniki kwamba nimepona. Alisema, "Mzee, ukiacha sasa itarudi na marafiki." Nikaendelea. Na alinionya jambo moja ambalo nakupa wewe pia: ukiwa kwenye vidonge hivi, ukashikwa na homa na koo likauma, usinywe tangawizi ukangoja, rudi siku hiyohiyo. Kuna mwenzetu wa lile benchi aliyengoja, na hatukumwona tena.

Katika upweke ule nilijifunza kuamua. Zamani niliamua kwa kelele. Nilikuwa naomba, kisha nafanya nilichotaka, na kikifaulu nasema Bwana ameniongoza. Sasa nilikuwa na mambo madogo na muda mwingi. Kulikuwa na geti la shule moja ya watoto nililolichomelea wakati mikono inaruka. Lilipakwa rangi, lilikuwa zuri, hakuna aliyejua. Mimi nilijua mahali moto ulipokosa kushika. Sikuomba ishara. Nilijiuliza tu nani ataangukiwa. Nikaenda nikaling'oa, nikamwambia mwalimu mkuu ukweli, vijana wangu wakalirudia. Mwalimu hakunishukuru, aliniuliza ni mageti gani mengine. Lilikuwa swali zuri, nikayazungukia.

Kwa swali langu lile nikalijaribu jambo la kuku. Nikisema mbele ya wazee kwamba nilikosa kwa kumbeba, nani ataangukiwa? Nikaona. Siku nyingine mvua itanyesha, mama mkwe wa mtu atakuwa kwenye tope, na mkwe wake atasimama njiani akikumbuka kwamba hata yule fundi wa Jinja, mzee wa kanisa, alikiri kuwa ni kosa. Ataenda kutafuta watu. Kwa hiyo kuku sitapeleka. Hapo nilikuwa nimesimama imara.

Lakini maneno ya Nambozo hayakuniacha. Niliyageuza kila asubuhi pamoja na kidonge. Kumbeba mama halikuwa kosa. Kumwambia Mafabi hana hata bawaba, mbele ya dada yake, nyumbani kwangu, baada ya safari ndefu, hilo nalo nililiombea? Sikuliombea. Imani yangu na kiburi changu vilikuwa vimechomelewa pamoja vizuri sana, na mchomeleaji ni mimi. Kuvitenganisha kulinichukua msimu mzima wa kahawa.

Nilienda ukweni mwezi wa Agosti, mwaka wa tohara ya Wagisu. Asubuhi kliniki, Mbale yote inalia ngoma, vijana wamepakwa unga wanacheza barabarani. Sista alisoma damu yangu, akasema dozi inapunguzwa. Nikanyosha vidole, akaweka karatasi. Karatasi ikalala. Ningependa kusema niliruka. Nilitazama huku na huku nipate wa kumwonyesha, na kwenye benchi hapakuwa na mtu ninayemjua.

Nikapanda mlima. Sikubeba kuku. Nilibeba blanketi zito la kumpa mama mkwe, kwa sababu kule juu kuna baridi, na kilo za sukari na sabuni, kama mkwe yeyote anayekuja kwa heshima.

Wao walikuwa na kuku. Mafabi alikuwa amesikia ninakuja, akaamua nimeshindwa, akaita wazee wawili. Kuku mweupe alikuwa amefungwa miguu karibu na mlango. Waliniketisha sebuleni peke yangu kwenye kiti cha wageni. Nambozo alisimama kwenye mlango wa ndani, hakunitazama. Mama mkwe alikuwa jikoni, ng'ambo ya ukuta, kama inavyopasa.

Nilipiga magoti. Sakafu ilikuwa ya udongo, imesiribwa siku hiyo. "Shemeji Mafabi," nikasema, "ulikuja nyumbani kwangu nikakutukana. Ulitoka na kiu. Nisamehe. Wazee wangu, nimewadharau kwa muda mrefu, nisameheni na ninyi."

Mafabi alisubiri. "Na mama?"

"Mama nilimbeba. Hilo siwezi kulitubu."

Mzee mmoja alikohoa. Mafabi akasema, "Basi umekuja kufanya nini, bwana? Unapiga magoti nusu?"

Kweli nilikuwa nimepiga magoti nusu, na hiyo nusu ilinigharimu kuliko geti lolote. Niliona Nambozo amegeuza uso, nikajua ninarudi Jinja peke yangu.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. Mama mkwe hajawahi kusema nami tangu nimwoe binti yake. Hakusema nami hata sasa, alisema na binti yake, lakini kwa nguvu ya kufika sebuleni.

"Nambozo. Mwambie mume wako kwamba kwenye misiba wanawake wamenikataza kushika sufuria. Wanasema mimi ni yule aliyebebwa na mkwe. Nakaa pembeni na fimbo yangu. Mwambie hivyo."

Nambozo akaniambia, ingawa nilikuwa nimesikia. Ndivyo inavyofanywa.

"Mwambie na kaka yako. Mimi ndiye niliyelala kwenye tope, na hakuna aliyekuja kuniuliza mimi kama namtaka huyo kuku. Mwambie mkwe wangu, nikianguka tena, anibebe."

Nambozo alianza kurudia, akafika katikati, sauti ikakatika. Hakuna aliyemhimiza. Mafabi akainuka, akamchukua kuku kwa miguu, akapita naye kwenda jikoni. "Basi mpikeni," alisema huko, kwa hasira ya mtu aliyechoka. "Mtu amepanda mlima, atakula nini?"

Wazee wawili walibaki wakaniuliza bei ya mabati.

Chakula kilipoiva, wao wote walikula uani na jikoni. Mimi niliwekewa meza peke yangu sebuleni, kama desturi, na kuku mzima kwenye mchuzi wa karanga. Niliwasikia wakicheka jambo fulani, sikujua jambo gani. Nilikula taratibu, mkono ukiwa umetulia, nikisikiliza kicheko cha watu ambao ni wangu na si wangu.

Nambozo akaingia na sahani yake. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa meza, akamega matoke.

"Kesho tunatoka saa ngapi?" akauliza.